Kidole Juu ya Jino la Bi Zuleikha

Bi Zuleikha alitoka Takaungu kuja kuzibwa jino kwenye kliniki ya Malindi nilikokuwa msaidizi wa daktari wa meno, lakini nilijua amekuja pia kunitazama. Mwanawe, Abdulhalim, alitaka kunioa. Mama yake huyu ndiye aliyekuwa na shaka. Nilipokwenda kwao nilisema shikamoo tu, nikanywa kahawa, nikarudi Malindi. Akasema msichana wa chuo anaringa.

Kumbe niliona haya tu.

Daktari Thuku alikuwa amemtengenezea kipande cha kujazia tundu, cha rangi ya jino lenyewe, kitu kigeni kwetu mwaka ule wa 1988. Tulipaka asidi, tukasuuza, tukakausha, tukatia gundi, kipande kikaingia sawasawa. Gundi ile hushikishwa na taa ya buluu. Nilipoinua taa, umeme ukakatika.

"Bonyeza hapo, usiachie. Mate yakiingia, tumeharibu," daktari akaniambia, akakimbilia uani kuwasha jenereta.

Tukabaki wawili, kidole changu kinywani mwake, pamba kila upande. Nje jenereta ilikohoa, ikanyamaza. Bi Zuleikha alinikazia macho. Hakuweza kusema hata neno, na nadhani hilo ndilo lililonifungua mdomo.

"Mama, sikuringa siku ile," nikasema. "Kahawa yenyewe nusu niliimwagia kiatuni."

Basi sikukoma tena. Nikamwambia nampenda mwanawe, hata anapoimba, na anaimba kama mlango wenye kutu. Kifua cha Bi Zuleikha kikaanza kutikisika kwa kicheko. Nikamsihi asicheke, gundi haijashika, na katika kumsihi nikaangua kicheko mwenyewe, mwili wote ukitetemeka isipokuwa kile kidole. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Ulimi wake, masikini, ulitulia tuli.

Jenereta ikanguruma. Daktari akarudi mbio, jasho tele, akamulika taa mpaka gundi ikakauka. Akatoa pamba, akamwambia aume. Akauma, akauma tena. Kipande hakikutikisika.

Bi Zuleikha akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Kuimba kule karithi kwa babake," akasema. "Na wewe, siku ya kuozwa, ukiulizwa kama umeridhia, usinyamaze kama wari wengine. Nitakuwa mlangoni nasikiliza."

"Nimeridhia," nikasema.

"Hujaulizwa bado, mwanangu."

Nikasema tena. Daktari Thuku, ambaye hakujua lolote, akainama kulitazama jino, akasema hata yeye ameridhia.