Mke Mwenza Kwenye Mtandao

Kufikia Jumatano, Odalmis Verdecia alikuwa amezitukana kompyuta kumi na tisa za maktaba ya mji wa Bayamo, Kuba, mpaka matusi yakamwishia. Alitakiwa kuziwekea zote mfumo mpya kwa mpigo, kupitia mtandao, kutoka kwenye seva moja. Kila kompyuta ikiwashwa inaomba faili la kwanza, inangoja, kisha inaandika: muda umekwisha.

Mkurugenzi, Eleuterio Machín, akachungulia mlangoni.

"Sema tu, Ndugu Odalmis, kazi imekushinda. Niite mtaalamu kutoka Havana?"

"Mwite, Ndugu Mkurugenzi. Aje na chakula chake."

Alikuwa ameshabadilisha nyaya, ameshahakikisha faili lipo na jina lake halijakosewa hata herufi. Nereida, mfagiaji, akamwonea huruma. Akawasha sigara nene, akaipulizia seva moshi kama anavyowapulizia watakatifu wake nyumbani.

"Mpulizie na mkurugenzi," Odalmis akasema. "Huenda pepo akamtoka."

Akawasha kompyuta moja tena, na safari hii akasoma kioo mstari kwa mstari. Hapo akashtuka. Anwani ya mtandao iliyopewa kompyuta ile haikuwa miongoni mwa zile zinazogawiwa na seva yake. Kumbe kulikuwa na mgawaji mwingine wa anwani humo mtandaoni, mwepesi zaidi wa kujibu. Kompyuta zilimsikiliza huyo, zikaenda kuomba faili kwa asiye nalo.

"Nereida, shoga yangu, tuna mke mwenza!"

Wakaanza kuchomoa nyaya ukutani, mmoja mmoja. Walipofika wa kumi na moja, sauti ikanguruma kutoka ghorofani: "Nani kakata? Mechi iko raundi ya mwisho!"

Walimkuta mkurugenzi kaganda mbele ya besiboli iliyoganda kwenye kioo. Chini ya meza yake, ruta ndogo, kisanduku cha kugawa mtandao, aliyoletewa na mpwa wake kutoka Miami ilikuwa inakonyeza taa, imefunikwa kofia.

"Hiyo... ni ya kazi," akasema.

Odalmis aliikwapua ruta, akaibana kwapani, akashuka nayo akijisikia mrefu kuliko jengo. Kabla ya chakula cha mchana, kompyuta zote kumi na tisa zilikuwa zinavuta faili bila kukohoa.

Mkurugenzi akateremka, mikono mfukoni.

"Jamani, mechi iliishaje?"

Nereida hakujua lolote kuhusu mechi. "Tumefungwa," akasema, akaendelea kupiga deki.