Shahidi wa Pili

Gélase alikuwa fundi wa friji miaka ishirini kabla ya kuchaguliwa diwani wa mtaa wa Buyenzi, na hakuna aliyemwonya kwamba kazi ya pili ataifanyia humo humo ndani ya ile ya kwanza. Watu walimfuata karakanani. Mmoja mtaro wake umeziba, mwingine jirani kamjengea choo ukutani, wa tatu amekuja kulalamika kwa sababu amezoea kulalamika. Gélase aliwasikiliza akiwa amezamisha kichwa ndani ya friji la mtu, na wapo walioapa kwamba humo ndimo anamosikia vizuri.

Nafisa hakuwahi kuja kuomba kitu. Ndiyo maana Jumatatu ile, alipomwona amesimama mlangoni na baibui lake la kutokea, Gélase alitoa kichwa nje, akafuta mikono na kumtafutia kiti.

Alikuwa mama yake mdogo, ingawa si kwa damu. Nyumba zao zilipakana, na sambusa za Nafisa ndizo zilizomfundisha Gélase kutafuna. Miaka sitini na sita mama huyu alikuwa akiishi katika nyumba aliyozaliwa, na kwa miaka hiyo yote serikali haikujua kama yupo. Baba yake aliletwa akiwa mtoto mchanga kutoka Omani, akafa hana karatasi ya huku wala ya kule, na asiye na karatasi huzaa wasio na karatasi.

Sasa komine, ile halmashauri ya mtaa, ilikuwa imefungua mlango. Waliozaliwa mjini bila kuandikishwa waje wapewe cheti cha kuzaliwa, na kwa cheti hicho wapate karangamuntu, ile kadi ambayo bila hiyo mtu hasajili hata laini ya simu. Gélase alilipigania jambo hilo barazani mwaka mzima, mpaka wenzake wakawa wakimwona tu amesimama wanashusha pumzi. Mlango ungefungwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

"Mi sitaki kitu ingine," Nafisa alimwambia. "Sitaki tu kufa mugeni mu nyumba ya baba yangu."

Gélase alimwahidi kwamba hatakufa mgeni. Madiwani huahidi mengi, lakini kwa hili alifunga karakana siku ile ile.

Kilichotakiwa ni mashahidi wawili wa kuapa kwamba Nafisa alizaliwa Buyenzi. Wawili tu? Gélase alicheka. Alipitisha neno msikitini, kanisani, sokoni na kwa wasusi, na Jumanne asubuhi watu arobaini na watatu walikuwa wamejaa ukumbini mwa komine mbele ya Honoré, karani wa vyeti, mtu mpole asiyejua kuinua sauti. Honoré aliwauliza mmoja mmoja mwaka wa kuzaliwa. Sabini na moja. Themanini. Tisini na nne. Akauliza kwa upole ule ule, mtu aliyezaliwa baada ya mwenzake alimwonaje akizaliwa? Mama mmoja alijibu kwamba aliambiwa na mama yake, ambaye hakuwahi kusema uongo. Kinyozi alidai kwamba Nafisa alikuwapo tangu zamani, na hilo lajulikana. Honoré akawafafanulia kwamba shahidi lazima awe alikuwa ametimiza miaka kumi siku ya uzazi huo. Gélase alikuwa amekusanya watu kama anayetafuta kura, kumbe sheria ilitaka mvi.

Kati ya wote hao alifaa mmoja, mzee Ilias, fundi cherehani wa miaka themanini na miwili. Alitia sahihi yake ya madaha, akauliza kama chai ipo.

Wa pili kila mtu alimjua, na hakuna aliyemtaja, kwa kumwonea diwani haya. Alikuwa Spéciose, mama mzazi wa Gélase, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili Nafisa alipozaliwa. Walikuwa chanda na pete hao. Kisha baba yake Gélase akafa, akapelekwa kuzikwa kwao Muramvya, na Nafisa hakutokea. Spéciose hakuuliza sababu, wala Nafisa hakueleza. Mwaka uliofuata Spéciose alihamia kwa bintiye, mtaa wa Mutanga Sud, na sasa ilikuwa miaka kumi na tisa hawajapeana hata salamu.

Jumatano jioni Gélase alikwenda kwa Nafisa kumwambia kwamba ameamua kumwomba mama yake. Nafisa alikuwa akikunja sambusa. Alimaliza ile iliyokuwa mkononi, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu.

Siku ile alipanda basi pamoja na waombolezaji wengine. Ilikuwa zamani za vita, na juu ya mji, kwenye njia ya Muramvya, kulikuwa na kizuizi. Waliteremshwa wote, wakaonyesha kadi, wakapanda tena. Yeye aliulizwa kadi yake, akawa hana. Wale waliokuwa ndani ya basi walitazama miguu yao. Basi likaondoka, na kwa aibu hakuna aliyelisema huko mazikoni.

"Ningemwambia nini mama yako?" alisema. "Amemuzika mume wake, mi niende kumulilia juu ya karatasi? Nikaona nitamwambia kesho. Kesho ikapita." Kisha akamshika Gélase mkono kwa vidole vyenye unga. "Na we usimwambie. Kama anakuja, akuje juu ya kweli, si juu ya kunihurumia. Niapie."

Gélase akaapa, akajuta kabla hajafika nje.

Alhamisi alimkuta mama yake barazani Mutanga Sud, anachambua maharage. Alimweleza habari ya mashahidi, arobaini na watatu wale, mzee Ilias na chai yake. Spéciose alitabasamu kidogo pale penye chai. Lakini Gélase alipofika kwenye ombi lenyewe, maharage yalianza kuanguka siniani kwa nguvu.

"Nilizuiya sanduku ya baba yako saa muzima juu ya Nafisa," alisema. "Padri iko naangalia saa, watu wananiangalia mi. Nikawaambia apana, mudogo wangu bado yuko mu njia. Muulize ile siku alikuwa wapi."

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Gélase, limeiva kabisa. Mtu huyu aliyeweza kulisema baraza zima hadi likakubali alikaa kimya mbele ya sinia la maharage, kwa sababu ya kiapo alichokula jikoni kwa mwanamke asiye na kitambulisho. Alimwambia mama yake tu kwamba ofisi inafungwa kesho saa tisa. Usiku huo hakulala vizuri, na mkewe alimwuliza mara mbili kama ni tumbo.

Ijumaa, saa nane na nusu, Nafisa alikuwa amekaa mbele ya meza ya Honoré, mikono pajani. Gélase alikuwa amesimama dirishani akijifanya anasoma matangazo. Teksi ikasimama nje, na Spéciose akaingia na kitenge chake cha misa. Alimsalimu Honoré peke yake. Akasema kwamba ni mkristo, na mkristo aliyeulizwa kweli hanyamazi. Hakuja kwa ajili ya mtu.

Honoré aliuliza uhusiano wake na mwombaji.

"Jirani," alijibu Spéciose, kwa namna mtu anavyotoa mwiba wa samaki mdomoni.

Honoré akaandika. Akamwuliza alijuaje kwamba Nafisa alizaliwa hapa.

"Mama yangu ndo alimuzalisha. Mi niko nachemsha maji. Kisha nikamubeba mu mugongo miaka mbili, mpaka akanizoea kuliko mama yake."

Sauti ilimpungua mwishoni, akakohoa ili watu wadhani ni kikohozi. Honoré alifungua ukurasa wa mwisho. Hapo palikuwa na swali la mwombaji mwenyewe: ataje siku moja ambayo kukosa karatasi kulimdhuru. Swali hilo Gélase ndiye aliyelishupalia liwekwe, ili wakubwa wasome na waone uchungu wa watu. Wala halikumpitia akilini siku hizo zote. Alipolisikia likisomwa aligeuka kutoka dirishani.

Nafisa aliuliza kama yaweza kuachwa wazi. Honoré alisikitika: fomu yenye nafasi wazi hurudishwa.

Saa ya ukutani ilisema tisa kasoro robo. Nafisa aliitazama meza, akaanza kueleza polepole, ili karani aweze kuandika. Akataja mwaka. Akataja kizuizi cha njia ya Muramvya. Akasema alikuwa anakwenda kuzika, akateremshwa, na basi likaendelea bila yeye. Honoré aliandika mpaka nukta ya mwisho, kisha hakujua aangalie wapi.

Spéciose akamgeukia Nafisa kwa mara ya kwanza.

"Ulirudia mu nini?"

"Mu miguu."

"Ulivaa viatu gani?"

"Vile vyeusi vya Idi. Nilivitoa mu njia, vilikuwa nanibana."

Spéciose aliufunika uso wake kwa ncha ya kitenge. Alilia kama wanavyolia wazee, bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, na kila pumzi ilitoka na jina la Nafisa, lile la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kulijua. Nafisa alisogeza kiti chake. Gélase, diwani wa watu, alikuwa anapenga kamasi kwenye kitambaa chenye grisi.

Baadaye Spéciose alijifuta, akainyooshea kidole fomu. Alimtaka Honoré afute pale palipoandikwa jirani, aandike dada.

Honoré alivua miwani. Akaeleza, kwa upole wake wote, kwamba ndugu hawezi kuwa shahidi. Akiandika dada, ushahidi umekufa, na zimebaki dakika nane.

Spéciose aliitazama saa, akamtazama Nafisa, kwa muda mrefu kuliko dakika hizo zilivyoruhusu.

"Basi wacha jirani," alisema, akachukua kalamu, akatia sahihi iliyopinda, kwa sababu karatasi haikuwa na wa kuishikilia. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika wa Nafisa.