Zamu ya Stoo ya Unga

Kanuni niliitunga mimi mwenyewe. Mwenye mafua hagusi mkate uliokwisha kuiva. Anakwenda stoo kuchekecha unga mpaka pua ikauke. Nimesomea usindikaji wa vyakula chuoni, nina stashahada, na kwa miaka kumi na moja ya kusimamia kiwanda chetu cha mikate hakuna mteja aliyewahi kulalamikia chafya. Wafanyakazi waliizoea. Mtu akichemua tu, wenzake wanaimba, "Stoo! Stoo!" naye anakwenda huku anacheka.

Jumatatu alichemua binti yangu.

Ana miaka ishirini na mbili. Alikuwa meza ya kupakia, na hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mikono. Mwezi uliofuata angehamia kwenye oveni, kazi aliyoililia tangu siku aliyoajiriwa.

"Stoo!" akasema Redio, mama mtu mzima aliyekuwa akifunga mifuko upande wa pili wa meza. Jina hilo tulimpa kwa sababu hazimiki.

"Aa, Redio, vumbi tu hilo," binti akajibu, akijifuta pua kwa bega.

"Vumbi gani la kukuvimbisha macho hivyo? Bosi, mwangalie mwanao. Au wa kwenu hawaugui?"

Meza nzima ikanigeukia. Angekuwa mtoto wa mwingine nisingefikiri mara mbili, kwa hiyo sikufikiri mara mbili.

"Nenda," nikamwambia.

"Mama, kifua changu na unga..."

"Hapa hakuna mama. Chukua barakoa, nenda."

Utotoni kila alipopata mafua alibanwa na kifua. Tulikuwa na kile kichupa cha bluu cha dawa ya kuvuta, tukitembea nacho kila mahali. Alipofika miaka kumi na tatu hivi hali ikatulia, kichupa kikaisha muda wake kabatini, nikakitupa. Sikuona sababu ya kununua kingine.

Jumanne alianza kukohoa. Jumatano asubuhi nilimkuta kitandani ameegemea mito mitatu.

"Umelalaje?"

"Nimekaa," akasema, akajaribu kucheka, kikohozi kikamkata.

Nilimwekea chai. Niliwaza kwamba mafua ni mafua, wiki haiishi bila kuyamaliza, na kwamba nikimwacha nyumbani Redio atapata la kutangaza mwaka mzima. Tukatoka pamoja.

Saa tano Redio alinifuata ofisini. Safari hii hakuwa na utani.

"Bosi, mwanao anapiga filimbi."

"Filimbi gani?"

"Ya kifua. Inuka."

Nilimkuta stoo amekaa juu ya gunia, mikono magotini, mabega yakipanda kwa kila pumzi. Barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Nilimpangusa mdomo kwa kidole, na chini ya unga midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Si... kitu... mama," akasema, neno moja kwa pumzi moja.

Nilitazama ukutani palipoandikwa hesabu ya siku hiyo nikaona gunia la kumi na nne halijaguswa. Hilo ndilo nililoliwaza. Halafu nikamshika kwapa moja, Redio akamshika la pili, tukamtoa.

Hospitali walimvalisha barakoa yenye bomba, ikawa inamvutisha mvuke wa dawa. Daktari alikuwa dada mmoja asiyemzidi sana binti yangu kwa umri, kalamu ameichomeka nyweleni. Alimsikiliza mgongoni muda mrefu.

"Ana pumu?"

"Alikuwa nayo akiwa mdogo," nikasema. "Ikaisha."

"Inaweza kutulia miaka mingi tu, mama, ukadhani imehama. Hivi virusi vya mafua kwako na kwangu mara nyingi vinaishia puani, tunapenga, basi. Kwa mwenye pumu vinaamsha kifua. Njia za hewa zinavimba ndani, zinabana." Akamgeukia mgonjwa. "Unafanya kazi gani, mdogo wangu?"

"Napakia mikate." Alijibu haraka kuliko pumzi yake ilivyoruhusu.

"Mbali na unga?"

Binti yangu alinitazama juu ya ile barakoa. Aliponitazama hivyo nilimwelewa vizuri kabisa. Kwenye oveni madonge yanarushiwa unga kutwa nzima. Akitaja unga, oveni basi.

"Mbali," akasema.

Daktari akaandika. "Sawa. Nitakupa dawa ya kuvuta, upumzike siku tano. Jumatatu unaweza kurudi."

Sikuhisi kitu. Si hofu, si aibu. Nilifungua mdomo kama ninavyosoma ripoti ya zamu.

"Anachekecha unga. Leo siku ya tatu, na mafua juu. Nilimpeleka mimi. Na mwezi ujao anahamia penye unga vilevile."

Kalamu ilisimama. "Ulimpeleka wewe? Wewe si mama yake?"

"Mama yake, na msimamizi wake."

Alinitazama kidogo. Akakata mstari aliokuwa ameuandika.

"Basi ya Jumatatu tuifute. Hasogelei unga mpaka tumpime mapafu. Na hata tukimpima, siwaahidi kitu. Vumbi lile kwa kifua hiki, siku moja hamtafika hapa."

Alipotoka, binti yangu alivuta barakoa chini.

"Umenifukuza kazi, mama."

"Vaa hiyo kitu."

"Mwezi mmoja tu ulibaki. Ungenyamaza. Hata Jumatatu, badala ya kunipeleka stoo, ungesema nimechoka, niende nyumbani."

"Ndiyo. Vaa."

Akaivaa, akageukia ukuta. Unga ulikuwa bado umemganda nyuma ya masikio, wauguzi hawakufika huko. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikahesabu mgongo wake ukipanda na kushuka, saa ya mkononi mbele yangu. Tulipoingia nilihesabu thelathini na sita kwa dakika. Sasa ishirini na nne. Nilingoja machozi, maana mwanamke wa kitanda cha jirani alikuwa akinitazama kana kwamba yananipasa. Hayakuja.

Nikamuuliza kama anataka maji. Hakugeuka. Niliyamimina hata hivyo, nikazunguka kitanda, nikaweka kikombe upande aliogeukia.