Kurasa Nne za Mwalimu Kipanya

Muuza vitabu vya mitumba alimtazama kwa huruma. "Dada, hicho kimepitwa na wakati. Hata mimi nilikuwa nataka kukiweka chini ya mguu wa meza."

Kiherehere hakumsikia. Alikuwa ameshafunua ukurasa wa arobaini na moja, na ukurasa ulikuwepo. Ulikuwepo na wa pili yake, na wa tatu, na wa nne. Aliyekuwa na kitabu hiki hakuvuka sura ya kwanza, maana uti wa kitabu ulikuwa bado mgumu. Kilikuwa kitabu cha kumfundisha anayeanza kutengeneza kurasa za tovuti, kwa lugha ambayo siku hizi ukiitaja mbele ya vijana wa ofisini kwake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Jaladani kulikuwa na picha ya kompyuta yenye kisogo. Naam, enzi hizo kompyuta zilikuwa na visogo, na zilivishwa vitambaa kama maharusi.

Ofisini wanamwita Mhandisi, na akikohoa watu wananyamaza. Jina la Kiherehere alipewa na mwalimu wake wa kompyuta, ambaye naye wanafunzi walimlipa jina palepale: Mwalimu Kipanya. Kila jioni alivin'goa vipanya vya kompyuta zote tatu visije vikaibiwa, akavitia mifukoni mwa koti, akatembea barabarani mikia ikining'inia.

Viatu mlangoni, mikono imeoshwa, feni inapulizia mashine, watu wanatoka jasho. Hivyo ndivyo walivyosoma. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, na mwalimu alikinakili ubaoni mstari kwa mstari. Ukurasa wa arobaini ulimalizikia na swali: mgeni aliyeandika jina lake leo, akirudi kesho, tovuti itamkumbukaje? Ukurasa uliofuata ulikuwa wa arobaini na tano, na ulizungumzia rangi.

Darasa zima lilijua aliyezichana hizo kurasa. Nani mwingine? Mwalimu Kipanya, mjanja yule, ili waumize vichwa. Wiki zikapita wanajaribu, wanakosea, wanabishana mpaka koo zinakauka, yeye kasimama nyuma, kakunja mikono, hasemi neno. Nyumbani mama yake Kiherehere alikuwa ameshamtafutia nafasi kwa fundi cherehani. Binti akaomba siku chache tu, amalize swali.

Akalimaliza. Alilibandika jina la mgeni kwenye mkia wa anwani ya ukurasa, ili mgeni akiitunza anwani ile na kuifungua tena, jina lije nalo. Alisimama akaeleza. Mwalimu aliujaribu ukurasa, skrini ikamsalimu kwa jina, naye akasema, "Kaa chini." Kisha akatoka nje. Aliporudi alifundisha rangi.

Basi hilo ndilo lililomkaa Kiherehere rohoni miaka yote, kama mfupa wa samaki kooni. Jibu la kitaalamu alilijua zamani, kazini. Alichotaka ni kusikia kwa kinywa cha mwalimu wake: alipata, au hakupata? Ndiyo maana kurasa zile nne hakuzisoma. Alizifunga, akalipia kitabu, akazipeleka zilivyo hadi nyumbani kwa mwalimu, na kwa mtu mwenye jina kama lake hilo si jambo dogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Kiherehere! Umenenepa."

"Na wewe umekwisha kabisa."

"Nimebaki meno tu," akasema mzee, akacheka kuyaonyesha yaliyosalia. Mkewe akaleta chai, akamwonya mgeni asikubali kuonyeshwa picha za zamani, hatatoka humo leo.

Kiherehere akakiweka kitabu mezani. "Nimekuletea kurasa ulizotuchania. Leo hunikwepi. Angalia jibu la kitabu, kisha uniambie langu lilikuwa sawa au la."

Mwalimu alivaa miwani. Alifungua arobaini, akahamia arobaini na moja. Hapo ndipo Kiherehere alipokuwa akisubiri ile tabasamu ya mjanja aliyekamatwa. Haikuja. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Kidole chake kikawa kinatembea chini ya kila neno, kinasimama, kinarudi nyuma, na midomo inasoma kimyakimya. Hakuna anayesoma hivyo kitu anachokijua.

Kiherehere akaishusha chai bila kuinywa. Ile hadithi ya mwalimu aliyechana kurasa alikuwa ameisimulia mara ngapi kwa vijana wake? Alijisikia vibaya, akatamani akipokonye kitabu.

"Mwalimu," akasema polepole. "Hukuzichana."

"Nilikinunua hivyohivyo." Hakuinua macho. "Nikasikia mnasema nimezichana mimi. Nikawaacha mseme. Ningewaambia nini? Kwamba mwalimu wenu naye anasubiri jibu?"

"Zile wiki zote?"

"Zile wiki zote. Nikilala naota mmeniuliza jibu." Akageuza ukurasa. "Kumbe wao wanaweka kifaili kidogo kwenye kompyuta ya mgeni, jina linakaa humo. Njia yao ni fupi kuliko yako."

"Najua."

"Ni nzuri kuliko yako."

"Hilo pia najua, Mwalimu."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na haikuwa miwani iliyokuwa na maji. "Siku ile uliposimama, nilikuwa nimeshaamua. Ningekwenda kwa mkuu wa shule asubuhi yake nikamwambia somo hili siliwezi, anirudishie somo langu la hesabu, mashine azifungie stoo. Ukasimama. Ukaeleza. Nikaujaribu ukurasa wako, ukafanya kazi. Nilitoka nje nikalia, mwanangu. Nyuma ya tangi la maji, kama mtoto. Ulikuwa umepata, na mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa."

Kiherehere alitaka kusema neno la maana. Akafungua mdomo, kikamtoka kilio kilichomshtua mpaka mke wa mwalimu akachungulia kutoka jikoni.

Mwalimu alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akakigeuza kitabu kimwelekee, akavuta kiti karibu na chake, akaupigapiga mto wa kiti hicho.

"Njoo ukae hapa," akasema. "Mistari miwili ya kwanza ya amri zao nimeielewa. Huu wa tatu unanishinda."