Kikao Kando ya Kitanda

Mpiga rangi mstaafu alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto, anapuliza chai, wabunge walipoanza kuingia chumbani. Walibisha hodi vizuri tu. Karani wao alieleza kwamba ukumbi wa bunge umejaa hoja za miaka ya nyuma zisizojibiwa, zimefika darini, mlango haufunguki tena. Na kwa kuwa muswada wa afya ulihusu wagonjwa wa majumbani, wameona waujadili kwa mgonjwa. Mzee akawakaribisha, akaomba radhi kwamba viti ni viwili.

Wakaenea wote. Chama tawala kilikaa upande wa dirisha, upinzani upande wa kabati, na Spika akapewa stuli ambayo mzee alizoea kuipanda akipaka dari. Waliochelewa waliegemea ukuta. Hapo mzee aliumia roho kidogo, maana ukuta ule aliupaka mwenyewe enzi za uhai wa mkewe, rangi ya maziwa, akaurudia mpaka mama wa watu akaridhika.

Walichobishania ni kama muuguzi wa serikali anaruhusiwa kuvuka kizingiti cha raia. Mpaka uamuzi upatikane, wauguzi wote wa majumbani walikatazwa kuingia ndani. Muuguzi wa mzee aliendelea kuja kazini kila siku, akaketi kwenye ngazi za nje, mkoba mapajani. Alimwambia mzee kupitia dirishani, bila kumficha, kwamba kidonda kisiposafishwa upesi mguu utakatwa. Kidonda chenyewe kilikuwa chini ya kisigino, na mgongo wa mzee ulishagoma kupinda tangu alipoanguka kazini. Kutoka nje hakuweza. Wabunge nao waliona kwamba kumbeba hadi mlangoni kungekuwa kuegemea upande mmoja.

Mbunge mnene wa kabatini alisema serikali ikiachiwa kuingia chumbani mwa mtu leo, kesho itataka kulala humo. Alisema hayo akiwa amekalia blanketi la mzee. Mama mwenye miwani, wa dirishani, alijibu kwamba serikali isiyomfikia mgonjwa ni jina tu, akapigiwa makofi, akauruka mguu wa mzee kwa uangalifu mkubwa na kurudi kuketi. Mzee alikubaliana na yule mama. Yule mnene naye hakumwona mjinga. Mzee alitaka tu kusema kwamba hana mtu wa kumsafisha kidonda, lakini alipoinua mkono Spika alimweleza kwa upole kwamba kikanuni asiye mbunge ni mgeni, na mgeni hasemi kikao kikiendelea.

Kila jioni walipotawanyika, nyumba ilipoa mpaka akasikia bomba la jikoni likidondosha maji. Aliona haya kukiri moyoni kwamba alikuwa akiwangoja.

Siku ya kupiga kura, simu yake iliita katikati ya kikao. Alikuwa binti yake wa pekee, aishiye mbali, ambaye alikwisha kuomba ruhusa kazini ili aje kumwuguza.

“Baba, mguu unaendeleaje?”

Mzee akafungua mdomo. Spika akagonga stuli.

“Mgeni atulie.”

Hapo hapo dirishani na kabatini wakaanza kuzomeana. Binti akasikiliza, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

“Kumbe una watu tele! Mimi huku nakosa usingizi, nadhani uko peke yako. Basi wacha nisije mwezi huu, nisije nikafukuzwa kazi bure. Nisalimie wote, baba.”

Mzee alimtazama Spika, na Spika akatikisa kichwa. Simu ikakatika.

Kura zilikuwa sawa kwa sawa. Spika akaahirisha muswada hadi tarehe itakayotangazwa. Nje, muuguzi alijipangusa sketi, akamwambia mzee waonane kesho. Mbunge mnene aliuliza kama mguu ungeweza kusogezwa kidogo, kwani kikao kijacho kutakuwa na waandishi wa habari. Mzee akaushika kwa mikono miwili, akausogeza ukutani, naye akashukuriwa.

Wa mwisho wao alipofunga mlango, kikao kikawa kimekwisha na kanuni hazimzuii tena. Mzee akasafisha koo, akakiambia chumba kwamba binti yake anawasalimia.