Kiwi za Mama Mkwe

Tangu tumzike mke wangu Vera sisikii njaa, sisikii chumvi, hata hasira siisikii vizuri. Naenda dukani Kawempe, nauza misumari na rangi, narudi. Nyumbani yuko mama yake, Phelister, ambaye Vera alimleta kutoka Bungoma atibiwe saratani hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Aliyemleta ndiye aliyetangulia kufa, kwa shinikizo la damu, nami nimebaki na mgonjwa katika vyumba viwili na pazia katikati.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, wala mkwe hachungulii anapolala mama. Kukaa naye chini ya paa moja ni aibu tosha. Kaka zake Vera wanalijua hilo, ndiyo maana wanapiga simu kila Jumapili kunipa pole, ila nauli ya kuja kumchukua hawaipati.

Shida ilikuwa mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Mama aliacha kuinywa. Asubuhi napima, naweka kikombe kwenye stuli kando ya pazia, nikirudi kazini nakikuta kimejaa vilevile. Kutwa kucha analalama. Nikajua basi, ameamua kumfuata bintiye, na kusema kweli sikumlaumu. Nilimwaga dawa nikaosha kikombe.

Huguette, jirani yetu Mkongomani anayeuza matunda sokoni Kalerwe, huja kumwogesha. Siku moja alinisimamisha mlangoni.

"Baba, mama hakatai dawa juu anapenda kufa. Ile dawa inamufunga tumbo. Juma nzima hajaenda choo. Na vidonge vya kulainisha vinamusokota."

"Mbona hakuniambia?"

"Weye ni mukwe yake. Atakuambia mambo ya choo namna gani?"

Nilipaswa kuona haya. Niliona tu kwamba mimi ni mjinga, nikasubiri aendelee.

"Umutafutie kiwi. Mbili kila siku. Inafungua tumbo polepole, haimuumize. Na vitamini C yake inapita ya machungwa."

Mimi kiwi nilijua ile ya viatu. Nikamuuliza kama anayo.

"Kalerwe nani atanunua kiwi? Enda supamaketi."

Nilimpigia nesi wa Mulago kwanza. Akasema kwa mama hazina ubaya, ale, na maji anywe ya kutosha. Supamaketi nikazikuta: ndogo, za kahawia, zina manyoya. Ukibonyeza kwa kidole gumba na ikabonyea kidogo, imeiva. Zile ngumu nilizifunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kama Huguette alivyoniagiza. Alinionya pia nisizisage na maziwa nikaziacha, zinageuka chungu. Nikakata ya kwanza katikati, nikaiweka kwenye stuli na kijiko.

"Mama, kuna matunda."

"Ya nini?"

"Vitamini. Ya kuzuia mafua."

"Kweli, mafua ni mengi siku hizi," akasema.

Tukaendelea hivyo, kila mtu na uongo wake. Siku nyingine nilimkatia pamoja na papai, siku nyingine nikampondea juu ya uji uliopoa. Kisu nilikilamba, sikusikia ladha. Kwamba kiwi ni chachu nimeambiwa na Huguette.

Jumamosi moja mchana nilisikia fimbo yake ikielekea chooni. Alikaa sana. Nikasimama uani najifanya naanua nguo ambazo hazijakauka. Aliporudi alipita ameinamisha uso, kama desturi inavyotaka, akaingia nyuma ya pazia.

"Mkwe," akaita. "Ile dawa bado iko?"

"Iko, mama."

"Nipimie."

Nikapima, nikaweka kikombe kwenye stuli. Mkono ukatoka, ukakichukua, ukakirudisha kitupu. Nikakaa kwenye kochi kusubiri. Kulalama kukapungua taratibu, kukabaki pumzi tu, kisha mama akalala, usingizi wa kweli.

Nyumba ikanyamaza. Tangu mazishi sikuwahi kuisikia hivyo. Maumivu ya mama yalikuwa yameijaza, nami nilikuwa nimejificha humo. Sasa hapakuwa na sauti yoyote, na Vera hakuwemo jikoni, hakuwemo uani, hakuwemo popote. Niliziba mdomo kwa kiganja nisimwamshe mama yake, nikalia.