Kisiki Katika Kitita cha Tisa

Godelieve Tanghe alikuwa na desturi ya kunawa mikono kabla ya kugusa kitabu cha kale. Mchana ule wa Novemba alinawa mara mbili, kwa maana kitabu chenyewe kilikuwa Zaburi ya watawa wa Flandria, kilichoandikwa yapata miaka mia saba iliyopita, na saa tisa alasiri mchapaji angefika kuchukua maelezo ya mwisho ya katalogi mpya ya maktaba. Katalogi ya namna hiyo hutolewa mara moja katika umri wa mtu, na linaloandikwa humo huaminiwa hata na wajukuu.

Kando ya dirisha aliketi Reinhilde Lagrou, fundi wa kujalidi vitabu, vidole vyake vimekauka kwa gundi. Hakuitwa, alikuja mwenyewe.

"Nimesikia leo ndiyo siku ya baba yangu," alisema.

"Ni siku ya kitabu, Reinhilde."

"Kwetu ni mamoja, dada."

Godelieve alijua sababu. Katalogi ya mwaka 1961, kazi ya Mwalimu Oktaaf Debaene aliyemfundisha yeye mwenyewe, ilikuwa na mstari mmoja juu ya kitita cha tisa, yaani fungu la tisa la majani yaliyoshonwa pamoja katika kitabu hicho: jani moja lenye picha limekatwa, yamkini kilipojalidiwa upya hivi karibuni. Jina la mtu halikutajwa. Lakini mji mzima ulikuwa na fundi mmoja tu wa kazi hiyo, Alfons Lagrou, na tangu mstari ule uchapwe hakuna maktaba iliyombishia hodi. Alikufa akijalidi madaftari ya shule.

Godelieve alikilaza kitabu juu ya mito yake, akaanza kuhesabu. Kila kitita kilikuwa na majani manane. Waandishi wa zamani waliipanga kwa adabu ngozi ya ndama waliyoiandikia: upande uliokuwa na manyoya hutazamana na wa manyoya, na ule mweupe uliokuwa wa nyama hutazamana na mwenzake, ili msomaji asifunue mahali akakuta rangi mbili. Adabu hiyo ilitunzwa jani baada ya jani. Pembezoni vilionekana vitundu vya sindano ambavyo mwandishi alivitoboa apate kupiga mistari. Mahali pamoja ngozi ilikuwa na tundu, jeraha la ndama angali hai, na mwandishi alikuwa amelizungushia wino likawa jicho la samaki. Godelieve alilijua tundu lile kwa miaka thelathini, na bado lilimfanya atabasamu.

Katika kitita cha tisa tabasamu likakoma. Yalikuwamo majani saba na kisiki cha ngozi, chembamba kama ukucha. Hapo manyoya yalitazamana na nyama.

"Limekatwa kweli," alisema.

"Hilo hata baba alilijua. Alilikuta hivyo. Limekatwa lini?"

"Kitabu hakijasema."

"Basi kiulize upesi, mchapaji haji na subira."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Oktaaf na fimbo yake, mzee wa miaka themanini na sita. Godelieve ndiye aliyemwita, kwa kuwa hakutaka kumsahihisha mwalimu wake kwa nyuma.

"Godelieve! Bado unasoma kwa pua?"

"Ndivyo ulivyonifundisha, Mwalimu."

"Nilikufundisha pia kuvaa miwani." Kisha akamwona aliyeketi dirishani, akavua kofia. "Binti Lagrou."

"Ndiye, Mwalimu. Sina kisu, waweza kunipekua."

Mzee alisogea mezani. Godelieve alikisogeza kitabu kwenye mwanga. Kushoto kwa kisiki ilisimama herufi kubwa ya kijani. Na kulia, mkabala nayo, doa hafifu la kijani lenye umbo la herufi ileile, limegeuzwa kama katika kioo.

"Kurasa hizi zimelaliana bila kitu katikati," alisema. "Kijani hiki kimetengenezwa kwa shaba, nacho kimejichapa upande wa pili."

"Kwa muda gani?" aliuliza mzee. "Doa halina tarehe, mwanangu."

"Lakini mtawa huyu anayo."

Chini ya doa, pembezoni, mtawa mmoja alikuwa ameandika habari ya kifo cha dada yake, mwaka 1583. Mistari miwili ilinyooka. Wa tatu ulipanda, ukazunguka, ukashuka tena. Katalogi ya zamani ilieleza: mkono unaotetemeka, yamkini wa mtu mzee.

Mwalimu aliinama na kioo cha kukuzia, akaufuata mstari wa tatu neno kwa neno.

"Hautetemeki," alisema hatimaye. "Anakwepa doa. Ngozi iliyoliwa na shaba haishiki wino. Alipoandika, doa lilikuwapo tayari, na jani lilikwisha kuondoka." Akainua uso. "Ni mwandiko mzuri sana, jamani. Nami nikamwita mzee."

"Hukuliona doa?" aliuliza Reinhilde.

"Sikukiona kitabu. Niliona picha zake za kamera tu, nyeusi na nyeupe. Majira yale ya baridi chumba hiki hakikuwa na moto, na vitabu vilikuwa mia mbili. Niliandika nyumbani, miguu mbele ya jiko."

"Baba alijua. Alikuja kukitazama mwaka uliofuata, akarudi akisema, 'Huyo bwana hakukifungua. Nyuzi zangu bado ni ngumu kama siku nilipozishona.' Nani angemsikiliza?"

Kengele ya mlango wa chini ikalia. Mchapaji alikuwa amefika. Godelieve alichukua penseli.

"Niandike kwamba katalogi ya awali ilikosea?"

"Katalogi haina mikono," alisema Mwalimu. "Andika: Debaene alikosea, hakukitazama. Ndiyo, hivyohivyo. Jani lilikatwa kabla ya 1583. Na jalada umeeleza?"

"Bado. Nimeandika tu, kazi ya Alfons Lagrou, 1958." Akamgeukia Reinhilde. "Mishono yake siijui vizuri. Nieleze, niiandike kama ilivyo."

"Mpaka niishike."

"Basi ishike."

Reinhilde alisimama, akaitazama mikono yake yenye gundi, kisha akaelekea kwenye beseni. Huko chini mchapaji aliambiwa angoje.